Kipepeo wa Kahawia wa Nyantakara: Kumtambua kwa Alama za Mabawa

Vipepeo wanaosifiwa ni wale wenye rangi kali. Wa kahawia hana mshabiki. Lakini kwenye miombo ya Nyantakara, mkoani Kagera, Biharamulo inapoelekea Ngara, yeye ndiye anayeinuka miguuni pa mpita njia asubuhi, umande ukishakauka. Huruka chini chini, kwa mruko wa kukatakata usiozidi mita chache, kisha hutua kwenye jani kavu, hufunga mabawa na kupotea machoni. Mchunga ng'ombe humwona kila siku. Mkata kuni humwona kila siku. Wachache sana wanaoweza kusema ni spishi gani, na hao wachache mara nyingi wamedanganywa na kitu kilekile kinachovutia jicho kwanza, yaani maduara yaliyoko kwenye mabawa yake.

Mhadhara huu unahusu maduara hayo. Yanafaa sana katika utambuzi, ila yanasema mambo mawili kwa wakati mmoja: ukoo wa kipepeo, na hali ya hewa aliyokulia. Asiyeyatenganisha mambo hayo mawili atagawa spishi moja kuwa mbili, au atachanganya mbili kuwa moja.

Wengi wa vipepeo hawa wa kahawia ni wa jenasi ya Bicyclus. Jenasi hii ina spishi takriban 100, na zote ni za Afrika ya kusini mwa Sahara na visiwa vilivyo jirani. Viwavi wao hula majani ya jamii ya nyasi. Wakubwa hawaendi sana kwenye maua. Hufyonza maji ya matunda yaliyooza chini ya miti. Mkoani Kagera hilo lina maana ya pekee, kwa kuwa panapomenywa ndizi mbivu za kukamulia rubisi, maganda yakaachwa yachache kivulini, wageni wa kahawia hufika bila kuitwa.

Inafaa kumtazama mmoja kwa karibu. Akinaswa kwa wavu na kushikwa taratibu kwa mabawa yaliyofungwa, jambo la kwanza ni kuhesabu miguu. Itaonekana minne tu. Miwili ya mbele imefupika na kukunjwa kifuani kama vibrashi, na hiyo ndiyo dalili ya familia ya Nymphalidae. La pili ni mishipa ya bawa la mbele: pale inapotokea mwilini imevimba kidogo, na uvimbe huo huonekana vizuri kwa kioo cha kukuzia. La tatu ndilo upande wa chini wa mabawa, ule anaouonyesha akiwa ametua. Rangi yake ni ya udongo mkavu. Mstari uliokolea hukata bawa la mbele na la nyuma kwa mfululizo, na kwa nje ya mstari huo, wakati wa mvua, hutanda mkanda uliopauka. Nje zaidi, karibu na ukingo, ndipo yalipo maduara.

Kila duara lina sehemu tatu. Katikati kuna nukta nyeupe, kuizunguka kuna mviringo mweusi, na nje kabisa kuna pete ya rangi ya dhahabu. Kwa Bicyclus anynana, ambaye ndiye aliyechunguzwa kuliko wenzake wote, upande wa chini wa bawa la mbele una maduara mawili: dogo karibu na ncha, na kubwa chini yake. Bawa la nyuma lina saba yaliyopangwa kwa upinde, na la tano kutoka mbele ndilo kubwa kuliko yote. Ukuu wa lile la tano kwa jirani zake na umbali wa kila duara kutoka ukingoni ni mambo ya kuzaliwa nayo. Ukubwa wa maduara yenyewe ni habari nyingine kabisa.

Tuseme vipepeo wawili wamekamatwa penye mti uleule wa Nyantakara, mmoja Aprili na mwingine Agosti. Wa Aprili ana maduara makubwa yenye pete zinazong'aa, na mkanda uliopauka unaokata bawa kwa dhahiri. Wa Agosti ni kahawia tupu. Maduara yamebaki nukta, mkanda haupo, na mabawa yamefanana na majani yaliyoanguka. Mkusanyaji asiye na subira atawaweka katika visanduku viwili na kuwapa majina mawili.

Mabingwa wamewahi kufanya hivyo hivyo, tena kwa kipepeo mwenye tofauti kubwa zaidi. Precis octavia anaishi sehemu nyingi za Afrika, Tanzania ikiwemo. Wa majira ya mvua ni mwekundu wa kuelekea rangi ya chungwa. Wa kiangazi ni wa buluu iliyokolea. Wataalamu wa karne ya 19, waliokuwa wakipokea wadudu wakavu waliochomwa pini kutoka Afrika, waliwaandika kama spishi mbili, na kwa ushahidi uliokuwa mezani kwao hawakuwa na sababu ya kufikiri vingine. Jibu lilipatikana mwaka 1898, baada ya Guy Marshall, mtaalamu wa wadudu Mwingereza aliyekuwa akiishi Mashonaland katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe, kufuga viwavi wa vipepeo hao hadi wakawa wakubwa. Wazazi wa rangi moja walizaa watoto wa rangi nyingine. Kazi ya kulisha viwavi majani kila siku ilimaliza ubishi ambao makabati ya makumbusho yasingeweza kuumaliza.

Bicyclus nao walikuja kupata mfugaji wao. Mwaka 1988 majike zaidi ya 80 wa Bicyclus anynana walikamatwa Nkhata Bay, kando ya Ziwa Nyasa upande wa Malawi, wakapelekwa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, katika maabara ya Paul Brakefield. Kizazi chao kimeendelea kufugwa mpaka leo katika maabara za nchi kadhaa. Viwavi hulishwa mahindi machanga, wakubwa hulishwa ndizi. Mdudu wa vichaka vya Afrika Mashariki amekuwa mmoja wa wanyama wanaotumika sana duniani kueleza jinsi maumbile yanavyojengwa, na ni haki watu wa nchi alikotoka wamjue angalau kwa sura.

Kilichoonekana Leiden ni hiki. Kiwavi akikulia kwenye joto la nyuzi 27, kipepeo hutoka na maduara makubwa. Ndugu yake wa tumbo moja akikulia kwenye nyuzi 17, hutoka na maduara madogo, au yasiyoonekana kabisa upande wa chini wa bawa la nyuma. Joto linalohesabika ni lile la siku za mwisho za ukiwavi na za mwanzo za pupa. Katika pupa aliyetoka kwenye joto, homoni iitwayo ekdisoni hupanda mapema. Katika aliyetoka kwenye baridi huchelewa, na maduara hudumaa. Katikati ya kila duara, kwenye bawa ambalo bado ni ngozi laini ndani ya mwili wa mdudu, kuna kikundi kidogo cha seli kinachotoa maagizo kwa seli zinazokizunguka. Watafiti walipokihamishia mahali pengine kwenye bawa, duara jipya liliota hapo palipohamishiwa.

Kuna jaribio moja la Leiden ambalo mtambuzi wa vipepeo hapaswi kulisahau. Kwa kuchagua wazazi wenye maduara makubwa kizazi baada ya kizazi, na kwa upande mwingine wale wenye madogo, maabara ilipata koo mbili. Moja ilitoa sura ya masika hata kwenye baridi, nyingine ilitoa sura ya kiangazi hata kwenye joto. Maana yake ni kwamba damu na hewa vyote vina mkono kwenye ukubwa wa duara. Ndani ya kundi moja la porini, siku moja, wapo wenye maduara makubwa kidogo na wapo wenye madogo kidogo, na wote ni ndugu.

Faida ya mabadiliko hayo inaonekana ukifuata nyasi. Kiangazi zikikauka, jike huacha kutaga kwa kuwa kiwavi hatapata chakula. Hulazimika kuishi miezi kadhaa akitulia juu ya majani makavu, na usalama wake uko katika kutoonekana. Mvua zikirudi, nyasi huwa kijani, kipepeo wa kahawia hana tena pa kujificha, na shughuli zake za kuruka, kutafuta mwenzi na kutaga humweka wazi. Hapo duara kubwa karibu na ukingo huwa ngao. Mwaka 2015 watafiti wakiongozwa na Kathleen Prudic walichapisha matokeo ya kuwaweka vipepeo hawa pamoja na vunjajungu. Wenye maduara makubwa walishambuliwa zaidi kwenye maduara yenyewe. Kipande cha bawa kilichanika, lakini mwili ulipona na jike akaendelea kutaga. Wenye sura ya kiangazi walionekana kwa shida zaidi, ila wakishaonekana walishikwa mwilini. Kipepeo wa Nyantakara aliyepungukiwa kipande cha ukingo pale lilipokuwa duara amepita kwenye hatari ya namna hiyo, na upungufu wake unafaa kuandikwa kwenye daftari kama alama nyingine yoyote.

Hapa pana jambo linalostahili kukaliwa kitako, kwa sababu linaihusu Kagera moja kwa moja. Malawi iko mbali na ikweta kiasi cha kutosha kwa joto kuwa mtabiri mzuri. Mvua zinapokaribia kwisha, hewa hupoa. Kiwavi anayehisi ubaridi anajulishwa kwamba ukame unakuja, na hujiandaa. Biharamulo na Ngara ziko chini ya nyuzi 3 kusini ya ikweta. Tofauti ya wastani wa joto kati ya mwezi na mwezi ni ndogo. Mvua pia hazina msimu mmoja: zipo za vuli, kuanzia Septemba au Oktoba hadi Desemba, na zipo za masika, Machi hadi Mei. Kati yake kuna ukavu mfupi wa Januari na Februari, na ukavu mrefu wa Juni hadi Agosti. Kiwavi wa hapa akitegemea joto peke yake, ataambiwa machache sana.

Suala hili lilishughulikiwa na Hans Roskam na Brakefield katika makala yao ya mwaka 1999, waliyoiandika baada ya kulinganisha Bicyclus wa maeneo yenye tabianchi tofauti barani Afrika. Hoja yao ni kwamba tabianchi tofauti zinahitaji ishara tofauti. Pale joto lisipoandamana na mvua, mdudu hawezi kulitumia kama wenzake wa kusini wanavyolitumia. Kwa mtu wa Nyantakara fundisho ni la vitendo: asichukue kitabu kilichoandikwa kwa ajili ya Afrika Kusini au Malawi, akaona picha mbili zilizoandikwa masika na kiangazi, akategemea kwamba kalenda ya kwao itafuata picha hizo. Huenda akakuta Februari vipepeo wa sura ya kati, wasio wa masika wala wa kiangazi. Hao wa kati ndio wanaowatoa jasho watambuzi, na ndio wenye habari nyingi zaidi.

Basi mtu aanzie wapi? Njia inayotegemeka ni kuwaondoa kwanza wale ambao si Bicyclus. Melanitis leda ni mkubwa, upana wa mabawa yake hufika sentimita 6 au zaidi, na huruka jua linapozama, muda ambao ng'ombe wanarudi zizini. Naye hubadilika kwa majira: wa mvua ana maduara, wa kiangazi ni jani kavu lenye mishipa na madoa ya ukungu, na hakuna wawili wanaofanana sawasawa. Ypthima asterope ni mdogo, hupenda nyasi fupi penye jua, na bawa lake la mbele lina duara moja kubwa lenye nukta mbili ndani yake badala ya moja. Nukta hizo mbili zikionekana, shauri limekwisha. Brakefieldia perspicua (zamani Heteropsis perspicua) anakaribiana zaidi na Bicyclus kwa ukubwa na mwendo, na ndiye anayehitaji kulinganishwa polepole na picha nzuri.

Waliobaki, wenye upana wa sentimita 4 hivi, mara nyingi watakuwa Bicyclus, na wa kwanza kufikiriwa katika nchi ya miombo ni Bicyclus safitza. Huyu ameenea karibu Afrika yote ya kusini mwa Sahara, hupenda pembezoni mwa msitu, vichaka na mashamba yaliyoachwa. Wengine wapo pia, anynana akiwa mmojawapo. Kuwatenganisha kwa ukubwa wa maduara ni kujitafutia taabu. Jicho liende kwenye mstari uliokolea: umenyooka au umepinda, unafika ukingo wa nyuma kwa pembe gani, mkanda uliopauka umepakana nao kwa ukali au umefifia. Kisha jicho liende kwenye mpangilio wa maduara, bila kujali ukubwa wake: yapi yako kwenye mstari mmoja na lipi limesogea ndani. Hata kwa kipepeo wa kiangazi, nukta nyeupe ndogo hubaki mahali duara lilipopaswa kuwa, na mpangilio husomeka.

Madume hurahisisha kazi. Dume la Bicyclus lina mabaka ya harufu na vishungi vya nywele kwenye mabawa, na kila spishi ina namna yake. Kwa anynana, baka moja liko upande wa chini wa bawa la mbele na lingine upande wa juu wa bawa la nyuma, palepale mabawa hayo mawili yanapolaliana; kishungi cha nywele hulala juu ya baka na husambaza harufu dume linapomzunguka jike. Mwaka 2008 kundi la watafiti lililoongozwa na Caroline Nieberding lilitaja kemikali tatu zinazounda harufu hiyo. Michel Condamin, aliyefanya kazi Dakar, alichapisha mwaka 1973 kitabu kizima juu ya jenasi ya Bicyclus, na sehemu kubwa ya mpangilio wake ilisimama juu ya mabaka na vishungi hivi pamoja na viungo vya uzazi vya madume. Nusu karne baadaye, anayefungua boksi la Bicyclus bado anafanya kama alivyofanya Condamin: analigeuza dume, anatafuta vishungi viko wapi, ni vingapi na vina rangi gani. Picha ya simu iliyopigwa upande mmoja tu haionyeshi hayo. Ndiyo maana dume akikamatwa apigwe picha pande zote mbili, mabawa yakiwa yamefunguliwa kwa upole, kabla ya kuachiwa.

Majike hawana msaada huo. Kuandika kwenye daftari "Bicyclus, jike, spishi haijulikani" ni kazi safi, na inamsaidia msomaji wa baadaye kuliko jina lililobahatishwa. Palipo na maabara, mguu mmoja wa kipepeo unatosha kutoa vinasaba vya kumaliza swali.

Mkoa wenyewe unafundisha kwamba mahali pia ni alama. Kaskazini, wilayani Misenyi mpakani na Uganda, uko msitu wa Minziro, wenye miti na wadudu wa asili ya misitu ya Kongo, na umeorodheshwa kuwa na spishi zaidi ya 500 za vipepeo. Huko Bicyclus wa msituni ni wengi, wapo wasiothubutu kutoka kivulini. Nyantakara ni nchi ya miombo, nyasi na moto wa kiangazi. Orodha ya Minziro ikichukuliwa kama ilivyo na kutumiwa Biharamulo itamletea mtu majina ya wadudu ambao hawajawahi kuwa na sababu ya kukaa hapo. Jan Kielland, Mnorwei aliyechapisha mwaka 1990 kitabu kikubwa cha vipepeo wa Tanzania, alitembea nchi hii miaka mingi akiandika kila spishi pamoja na aina ya uoto na mwinuko ilikokutwa. Mtindo huo wa kuandika ni wa kuigwa hata na mwanafunzi wa shule ya msingi.

Na kazi hii haihitaji fedha nyingi. Mtego wa ndizi hutengenezwa kwa kitambaa cha chandarua kilichoshonwa kuwa mfuko mrefu uliofungwa juu, ukaning'inizwa kwenye tawi, na chini yake, kwa nafasi ya vidole vichache, ukafungwa ubao wenye kisahani cha ndizi iliyochachishwa siku mbili tatu. Kipepeo huingia kwa chini, hula, kisha akitaka kutoka huruka kwenda juu. Njia hii ndiyo iliyotumiwa kwa miaka mingi na watafiti wa msitu wa Kibale, Uganda. Kwenye msitu wa hifadhi kibali ni lazima, lakini ua wa shule na shamba la migomba la mwalimu viko chini ya wenyewe.

Kinachotakiwa ni mtego uleule, mahali palepale, mwezi baada ya mwezi, na kila kipepeo apigwe picha ya upande wa chini pamoja na rula, iandikwe tarehe, saa, mahali, mvua ya mwisho ilinyesha lini na nyasi zina rangi gani. Duara la tano la bawa la nyuma lipimwe kwa milimita, na urefu wa bawa upimwe pia, ili mdogo mwenye duara dogo asilinganishwe na mkubwa. Baada ya vuli moja na masika moja mfuatano utaanza kuonekana. Swali la kwanza la kuulizwa kwenye daftari hilo liko tayari: katika ukavu mfupi wa Januari na Februari, nyasi za Nyantakara zikianza kunyauka huku joto likiwa halijashuka, maduara ya safitza hupungua, au hubaki vilevile hadi Juni?